Kanisa Lililofunga Reli

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimerudi kutoka mtaroni nimelowa hadi kwenye mfupa. Kutwa nachimba barabara ili bomba lipite, na mvua ya Uskoti hapa Inverness inajaza kila ninachochimba. Mgongo si wangu tena. Hata hivyo nimepanda darini kwa baba mkwe bila kubadili soksi, maana leo limetangazwa jambo.

Niandike yote, ili nikifa Elspeth ajue mumewe alijitahidi.

Darini kwa baba mkwe, Mzee Farquhar Munro, kuna stesheni ya Balnacroy. Ya kweli ilibomolewa zamani, reli yake ikang'olewa. Ya darini ipo juu ya meza, na huko bado ni kiangazi cha ujana wa mzee, alipokuwa mshika ishara kwenye kibanda cha reli. Milima ya plasta, mto wa gundi, treni inayolala ndani ya sanduku la viatu. Mama mkwe, Isbel, hutengeneza miti kwa waya na kuvumwani, ile mimea midogo ya kwenye mawe. Mke wangu Elspeth hupaka nyumba rangi. Shemeji Gregor ndiye bwana wa reli na umeme.

Mimi hupaka kondoo. Tangu nimuoe Elspeth, kondoo tu. Silalamiki. Nilitoka kisiwani kwetu Lewis na begi moja, sijui mtu, na hawa wamenipa mahali mezani na mlima mzima wa kuchungia. Lakini kondoo!

Jambo lenyewe: Jumamosi tunaipeleka Balnacroy kwenye maonyesho ya treni ndogo ukumbini. Mikono ya mzee siku hizi inatetemeka. Amesema mwingine ndiye atakayeendesha treni mbele ya watu, naye atamchagua Alhamisi. Gregor akasafisha koo kama mtu aliyekwisha chaguliwa.

Nataka niwe mimi! Mikono hii haijashika ila sururu. Ishike kitu kizuri walau mara moja.

Mpango: kando ya stesheni kuna kiwanja kitupu palipokuwa na kanisa. Hakuna aliyewahi kulijenga. Nitalijenga mimi, kwa siri. Mzee atatokwa na machozi na kunikabidhi treni.

Jumanne, 14 Oktoba

Kanisa limesimama! Kuta ni boksi la uji wa shayiri. Paa ni msasa mweusi, ukiutazama kwa mbali utaapa ni mawe ya paa. Kengele ni kishikizo cha blauzi ya Elspeth. Atakitafuta.

Kisha waumini. Nilikuwa na pakiti ya watu wadogo, kila mmoja hafikii ukucha. Nikawavalisha rangi nyeusi, wanaume kofia, wanawake kofia kubwa zaidi, nikawapanga wawili wawili kuelekea mlangoni. Kila mmoja ana Biblia mkononi. Biblia ni nusu punje ya mchele iliyopakwa rangi nyeusi. Nani mwingine angefikiria mchele? Gregor? Gregor anapima upana wa reli kwa mashine, lakini roho hana.

Nimewagandisha kwa gundi ya kazini, ile tunayounganishia mabomba makubwa. Gundi za madukani ni za watoto.

Msimamizi wetu alinikuta mchana nimesinzia juu ya mpini wa koleo. Akauliza kama aniletee mto. Nikamshukuru, nikasema wa manyoya tafadhali. Hakucheka.

Mzee alipokwenda kulala kidogo baada ya chai nilipanda darini na kuliweka kanisa mahali pake, na waumini barabarani mbele yake. Nikalifunika kitambaa. Kesho!

Jumatano, 15 Oktoba

Kesho imekuja na kupita. Afadhali isingekuja.

Nilifunua kitambaa mbele ya wote. Mama mkwe akashika kifua. Elspeth akanibusu, kisha akatazama kengele kwa makini. Gregor akainama, akachungulia, akatabasamu. Gregor akitabasamu, mtu ameumia mahali fulani.

Mzee alichukua kioo chake cha kukuzia akapitia mstari mzima wa waumini. Akasifu paa. Akasifu Biblia. Nikajiona tayari nimeshika treni. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, leo ni siku gani huko Balnacroy.

Nikasema kiangazi.

Akasema hakuuliza majira, aliuliza siku. Kijiji kizima kinaingia kanisani na Biblia mkononi. Ni siku gani hiyo?

Nikazitazama zile Biblia za mchele.

Jumapili. Na kwenye reli ile haikupita treni Jumapili hata moja, tangu ilipotandikwa mpaka ilipong'olewa. Treni haiwezi kutembea.

Gregor akanipiga bega. "Hongera, shemeji! Serikali ilihangaika miaka kuifunga reli hii. Wewe umeifunga kwa boksi la uji."

Tena mimi! Mtu wa Lewis! Mama mkwe alisema taratibu kwamba alidhani kwetu Jumapili hata kamba ya kuanikia nguo haiguswi. Ni kweli, Mama. Marehemu mama yangu alikuwa akimenya viazi Jumamosi ili kisu kipumzike. Katika Waskoti wote, mimi ndiye niliyeisahau Sabato.

Nikasema basi tuwaondoe watu. Nikamvuta mmoja. Akatoka. Miguu ikabaki.

Nikamvuta mwingine, mama mwenye kofia kubwa, na barabara ikaanza kunyanyuka pamoja naye, na nyuma ya barabara reli. Wote wakapiga kelele niache. Mzee akauliza nimetumia gundi gani. Nikamwambia. Akakaa chini.

Elspeth akasema ukumbini nani atajua? Mzee akasema wote watajua. Wazee wa ukumbini wana vioo vya kukuzia na hawana huruma. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe atajua. Hatapeleka Balnacroy ya uongo. Ama treni haitembei, ama hatuendi. Kisha akasema, kama anayejisemea, kwamba mwakani huenda macho nayo yasimsaidie.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mimi ni mtu wa akili nyingi! Nilikuwa mtaroni, maji magotini, likapita gari la maiti. Tukaweka koleo chini, tukavua helmeti, tukasimama. Nikapiga kelele "Mazishi!" kwa furaha kubwa. Wenzangu hawakupendezwa. Dereva wa gari ndiye hakupendezwa kabisa.

Lakini fikiri! Watu waliovaa nyeusi tii, wanakwenda kanisani wakiwa na Biblia. Siku gani? Siku yoyote! Jumatano! Mtu hachagui siku ya kufa, na treni hazisimami kwa ajili yake.

Nikakimbilia kwa baba mkwe na matope yangu. Mama mkwe akanitandikia magazeti kuanzia mlangoni hadi ngazini, akasema pita, mwanangu, lakini usiguse ukuta. Nikachonga jeneza kwa njiti ya kiberiti. Nikaliweka mabegani mwa wanaume wa mbele. Yule asiye na miguu tukamwegemeza kwenye ukuta wa makaburi. Anaonekana mwenye majonzi kuliko wote.

Mzee akatazama kwa kioo muda mrefu. Akasema inawezekana.

Nikashangilia mapema. Gregor akainua kidole. Akasema jeneza linapita mbele ya stesheni, je, mkuu wa stesheni amevaa nini kichwani?

Kofia.

Na mchukuzi? Kofia. Mkulima kwenye trekta? Kofia. Mzee wa posta, wavuvi wawili darajani, mtu anayesubiri treni? Kofia, kofia, kofia. Mzee akasema katika maisha yake hajamwona mwanamume wa Balnacroy akibaki na kofia jeneza likipita. Angefukuzwa kijijini.

Nikajua nimekwisha. Lakini Mama mkwe akasimama, akaenda chini, akarudi na nyembe na miwani yake ya kushonea. Akasema tunakaa kufanya nini?

Tukakaa kuizunguka Balnacroy, familia nzima, tukinyoa kofia za wanaume wote, hata waliobeba jeneza. Sijawahi kucheka vile. Ukikosea kidogo unaondoka na kichwa. Elspeth aliondoka na kichwa cha mzee wa posta, akakirudisha kinyume, sasa anatazama nyuma daima. Gregor akasema kijiji kizima kimepata upara kwa siku moja, maji yao yapimwe. Mama mkwe akawapa nywele kwa ncha ya brashi, na kwa sababu rangi iliyokuwa wazi ilikuwa ya matofali, wote wana nywele nyekundu. Mzee akasema kwa Waskoti hilo ni sahihi kabisa. Mwisho Gregor akafungua kichwa cha treni, kitu ambacho haruhusu mtu hata kukipumulia, akamvua dereva kofia. Kwa ajili ya kanisa langu!

Ndipo mzee akauliza: mazishi ya nani?

 Akasema hakuna mazishi bila mwenyewe. Akaweka wembe chini. Kisha akasema ni ya Bwana Urquhart, mkuu wa stesheni wa kwanza aliyempa kazi. Siku aliyozikwa, mzee alikuwa zamu kibandani, na treni ilikuwa njiani, na mtu haachi mkono wa ishara. Aliliona jeneza likipita dirishani. Alivua kofia peke yake humo ndani, akashusha ishara ya kuruhusu, treni ikapita.

Elspeth alimshika mkono. 

Baadaye mzee akatutazama, mimi na Gregor. Akasema Jumamosi treni itapita polepole mbele ya jeneza, kwa heshima, kwa hiyo ataendesha Torcuil. Gregor ana haraka. Torcuil, yeye mzee humwona akienda kazini asubuhi, na hajawahi kuona kitu kinachokwenda polepole vile.

Torcuil ni mimi! Asante, Mungu. Asante, Bwana Urquhart, popote ulipo.

Ijumaa, 17 Oktoba

Gregor anafanya njama. Kuna ujumbe wake kwamba nifike mapema, anataka kunionyesha jambo. Najua jambo hilo. Ataniambia kinyume, nizungushe kitasa cha kuendeshea treni kushoto badala ya kulia, treni irudi nyuma mbele ya umati. Nimeamua chochote atakachosema nitafanya kinyume chake.

Baadaye. Mtaro ulijaa maji, tukazuiwa kazini hadi jioni. Nilifika nikijua wamekwisha kula. Hawakuwa wamekula. Nyama ya kusaga na viazi vilikuwa vimefunikwa, na wote wanne wamekaa mbele ya sahani tupu, mzee akisema njaa haijaua Munro hata mmoja. Tangu nitoke Lewis sijawahi kusubiriwa mezani. Nilijifanya mvuke umeniingia machoni.

Baada ya kula Gregor akanionyesha kitasa. Akasema kulia ni mbele. Akasema mkono utetemeke au usitetemeke, pumua kwanza, usitazame watu, tazama treni. Nikajaribu. Ni kweli, kulia ni mbele! Nikamuuliza kama ana hasira. Akasema alikuwa nayo hadi alipomvua dereva kofia. Tangu hapo anajiona mjinga, na afadhali wajinga wawe wawili nyumbani.

Ni shemeji mwema. Sitamwambia kamwe.

Jumamosi, 18 Oktoba

Ukumbi umejaa. Wazee wenye vioo kila upande. Mmoja wao, jaji mwenye ndevu, aliinama juu ya meza yetu hadi ndevu zikafagia malisho. Akauliza mbona wanaume wa kijiji kizima hawana kofia. Mzee alimwonyesha jeneza kwa kidole. Jaji akaliangalia. Akasimama wima. Akavua kofia yake.

Mtu wa nyuma yake akavua. Na wa nyuma ya huyo. Naapa! Ukumbi mzima, wanaume wazima wameshika kofia zao vifuani kwa ajili ya njiti ya kiberiti.

Mzee akashusha ishara. Mkono wake haukutetemeka. Akasema, "Haya, mwanangu." Nikageuza kitasa kulia. Treni ikaja polepole, ikapita mbele ya kanisa langu, ikapita jeneza, na mzee kofia mkononi, anatabasamu. Safari hii aliona mazishi yote, hadi mtu wa mwisho.

Sikuona stesheni. Machozi. Treni haikusimama Balnacroy, haikusimama popote, iliruka ukingo wa meza. Gregor aliidaka kwa mkono mmoja, wa pili una kikombe cha chai, na chai haikumwagika. Watu wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya onyesho.

Hatukushinda. Wameshinda watu wenye kiwanda cha wiski kinachotoa moshi. Jaji alisema yetu ndiyo iliyomgusa, ila kasoro moja: Uskoti huu hauna mvua.

Tukabeba kila kitu nyumbani, tukakipandisha darini. Mzee akaninong'oneza kwamba kitasa ni changu mpaka nitakapochoka. Kondoo amempa Gregor.

Jumapili, 19 Oktoba

Kanisa, kisha supu kwa wakwe. Mgongo umepumzika. Nimekaa nikihesabu nilichopewa na watu hawa, nimeshindwa, nimeongeza mkate. Nimeapa mbele ya Elspeth: hakuna mipango tena. Nimejifunza.

Wote sasa wamesinzia sebuleni, mzee mdomo wazi. Wanastahili zawadi. Nimekuwa nikifikiria alichosema jaji.

Ndoo ya kumwagilia ya Mama mkwe ina matundu madogo sana, inanyunyiza kama mvua ya kwetu hasa. Treni itakuwa ikitembea, ili wakiamka waione ikipita ndani ya mvua. Umeme nimekwisha uwasha. Suala la Sabato nimelitafakari kwa makini: darini si Jumapili, darini kuna mazishi.

Elspeth amefumbua jicho moja akauliza naenda wapi na ndoo imejaa. Nimemwambia nakwenda kumwagilia miti.

Si uongo. Miti ipo.