Kiboko wa Zambarau Uwanjani Korchin

Jumatatu, 4 Desemba

Balaa! Mafua yameingia kwenye basi. Wachezaji saba wako kitandani. Timu yetu ya vijana ya Wadlow ya mchezo wa magongo ya barafuni, Sungura Weupe, ambayo nimeinolea makali ya viatu vya barafuni miaka kumi na tisa, imebaki na watu kumi na wawili, pamoja na kipa mmoja tu. Na Jumamosi tunakwenda Korchin. Ugenini! Kwa Madume!

Orest Bilak kanipigia simu kabla sijamaliza chai. Huyu ndiye mtunza vifaa wa Madume. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la tisa, nilipoona shule haina jipya la kunifundisha nikaiacha. Yeye akaendelea mpaka la kumi na hajaacha kuringa tangu siku hiyo. Aliniuliza eti Jumamosi naleta timu au naleta zahanati. Nikamwambia hata nikileta kipa peke yake na kiti cha kukalia, Madume hawafungi kitu. Akacheka mpaka akapaliwa.

Tukawekeana dau letu la kila mwaka: anayeshindwa anavaa vazi la mnyama wa timu ya mwenzake na kuongoza gwaride la Krismasi katika mji wa mwenzake. Mwaka jana nilikuwa dume la ng'ombe la Korchin. Nyuzi thelathini chini ya sifuri, pembe zimeganda, watoto wananivuta mkia. Mwaka juzi pia. Na ule wa kabla yake.

Halafu kocha Friesen akaniita ofisini. Friesen ni mtu wa kanisa, hatukani. Akikasirika anakuita majina yako yote matatu. Akasema, "Wendell Arthur Pidskalny," nami nikajua. Bado ana kinyongo cha Novemba, nilipozima joto katika chumba cha timu ya wageni ili wagande kabla ya mchezo. Bomba likapasuka, maji yakapita chini ya ukuta, viatu vya timu yetu nzima vikagandia sakafuni. Kasema nikifanya hila moja tena, moja tu, baada ya Krismasi mashine ya kunolea anapewa mtu mwingine, na nafasi yangu nyuma ya benchi pia.

Nikamwapia kwamba mimi na hila basi. Nilimaanisha kabisa. Bila benchi lile, majira yangu ya baridi ni mimi na paka, na paka mwenyewe hanipendi.

Jumanne, 5 Desemba

Dawa si hila. Nimefika Texas mara tatu na lori la ngano, na mambo mengi ya dunia nayajua. Dereva mmoja kule alinifundisha dawa ya mafua: vitunguu saumu, siki, pilipili, chemsha mpaka mvuke ujae chumba. Nikaweka sufuria katikati ya chumba cha kubadilishia nguo ili wale kumi na wawili wazima wasiambukizwe.

Wote kumi na wawili wakatoka mbio wakilia. Wa mwisho alikuwa kipa wetu, Joss Okemow, macho mekundu kama nyanya. Joss ana miaka kumi na minane, ni Mcree, wale wenyeji wa asili wa kaskazini, na kwa siku nzima anatumia maneno kama matano. Leo matatu kayatumia kwangu. "Babu, kwa nini?"

Zamani nilikuwa nikimkatalia hilo jina. Nina miaka hamsini na minane tu! Lakini kwao ndiyo heshima, na mtu hakatai heshima.

Friesen akaja, akanusa, akasema "Wendell Arthur," akaishia hapo. Mawili tu. Nahesabu huo ni ushindi.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimepata! Nimepata! Jumamosi ni siku ya midoli Korchin. Kila mtu anakuja na mdoli wake kutoka nyumbani, anampakata, na timu ya nyumbani ikifunga goli la kwanza wote wanairusha kwenye barafu. Inakusanywa, inapelekwa kwa watoto hospitalini. Jambo jema sana. Sasa sikiliza, ewe daftari. Mwaka jana kuokota midoli ile kulichukua dakika thelathini na nane. Na wachezaji walifanya nini dakika zote hizo? Walikaa. Walikunywa maji.

Vijana wangu ni kumi na wawili, Madume ni ishirini. Kufika kipindi cha tatu vijana watakuwa wanatambaa. Wanachohitaji ni dakika thelathini na nane za kukaa. Na nani kasema lazima goli liingie? Watu elfu mbili waliopakata midoli saa mbili nzima ni kama mtu aliyeshikwa na chafya. Akianza mmoja tu, nani atabaki ameshika wake?

Nikaenda duka la mitumba la kanisani. Dubu wote wamekwisha. Alibaki kiboko mmoja, wa zambarau, mkubwa kama boga, jicho moja. Nikamchukua. Nikamfunga kamba ya kijani ya kiatu shingoni asije akapotea, kama nilivyofunga chupa yangu ya chai, ndoo yangu na funguo zangu. Wilaya nzima inajua kamba ya kijani ni ya Wendell.

Nimeipeleleza roho yangu kama hii ni hila. Hapana. Ni mapumziko. Friesen alikataza hila, hakukataza mapumziko.

Ijumaa, 8 Desemba

Mazoezi ya kurusha kiboko kutoka nyuma ya benchi. Mrusho wa kwanza: pipa la taka. Wa pili: taa. Wa tatu ulimpata Friesen kisogoni akiwa anaongea na simu. Nikamwambia ni zawadi yangu kwa watoto wagonjwa. Akamshika kiboko, akamtazama jicho lake moja, akaniambia labda kweli ninabadilika. Karibu nilie. Nilijiona mtu mwema sana kwa muda wa dakika tano.

Joss aliona yote kutoka golini. Akanyanyua barakoa yake, akasema, "Babu, usifanye." Nikamuuliza nisifanye nini. Akamnyoshea kiboko kidole. Nikamwambia yeye azuie kile kisahani cha mpira kinachopigwa kwa magongo, kufikiri aniachie mimi.

Jioni nikanoa viatu vya timu nzima, redio imewashwa, kila baada ya jozi namrusha kiboko mara moja ili mkono usisahau. Nilipotewa na hesabu kwenye viatu vya Casimir Dubyk. Casimir ni beki, ukubwa wake ni wa friji, na kwa miaka miwili hajafunga goli hata mazoezini. Nadhani nilinoa vyote viwili. Kimoja nina uhakika nacho.

Jumamosi, 9 Desemba

Naandika nikiwa chumba cha chini nyumbani kwa Orest Bilak, nimekaa juu ya gunia la sungura. Nitaeleza.

Mchezo ulianza saa nane mchana. Uwanja umejaa, kila paja lina mdoli. Orest alipita mbele ya benchi letu akaniuliza kama bado navaa saizi ile ile, maana vazi la dume limefuliwa. Nikamwambia vazi la sungura lina masikio marefu, aanze kuzoea kuinama milangoni.

Kipindi cha kwanza, sifuri kwa sifuri. Cha pili, sifuri kwa sifuri. Madume walipiga kama wanapura ngano, na Joss alizuia vyote: kwa mguu, kwa kifua, kimoja kwa kisigino akiwa amelala. Zikabaki dakika sita za kipindi cha tatu. Vijana wangu walikuwa wakirudi benchini wamejikunja kama nguo. Mmoja aliniomba maji, nikampa, akashindwa kunyanyua chupa.

Nikasema moyoni, sasa. Friesen alikuwa anaandika kitu kwenye karatasi. Nikamtoa kiboko chini ya taulo. Sijawahi kurusha vizuri hivyo maishani mwangu! Akapita juu ya vichwa vya vijana, akatua katikati ya barafu, akateleza kama bwana harusi. Nami nikapiga kelele, "Gooooli!" kwa sauti nyembamba isiyo yangu.

Wakarusha. Wote! Dubu, sungura, twiga mmoja mrefu kuliko refa. Mbingu nzima ya manyoya. Nikaruka juu kwa furaha. Kisha nikaona niko peke yangu ninayeruka.

Maana katika sekunde ile ile Tate Sveinson, mshambuliaji wetu, alikuwa amempokonya mtu kisahani na kukimbia peke yake mpaka kwa kipa wao. Kisahani kilikuwa wavuni mwao. Goli safi! Ila refa alikwisha kupuliza filimbi, kwa sababu kuna kiboko uwanjani. Goli halihesabiwi.

Nimefuta goli letu wenyewe. Kwa kiboko!

Orest alikuwa anaokota midoli na gunia lake. Akasimama. Akamwinua kiboko juu, akaishika kamba ya kijani kwa vidole viwili, akanitazama, akatabasamu mpaka kwenye masikio. Akampelekea refa. Refa akaja benchini kwetu akasema adhabu ya dakika mbili, Wadlow wacheze pungufu ya mtu mmoja. Friesen akageuka, akanitazama. Hakusema jina langu hata moja. Hilo halijawahi kutokea.

Na mapumziko je? Dakika thelathini na nne, ndiyo. Vijana walikaa mpaka misuli ikapoa, wakainuka kama wazee wanaotoka kwenye mabenchi ya kanisa. Madume wao wakarudi wanaruka ruka. Zile dakika mbili tulizocheza pungufu, Joss alisimamisha kisahani kimoja kwa barakoa, mlio ukasikika mpaka mlangoni. Muda wa nyongeza ukaisha hivyo hivyo, sifuri kwa sifuri.

Penalti.

Mmoja mmoja, kutoka katikati ya barafu, kwa kupokezana, wao kwanza sisi baadaye. Wao wakakosa, sisi tukakosa. Tate alipiga mwamba, akarudi hanitazami. Wa nne, wa tano, wa sita. Joss alisimama pale kama mlango uliofungwa na mwenye ufunguo kasafiri. Wa tisa, wakakosa, tukakosa. Dume wa kumi akaja kwa mbwembwe nyingi, Joss akakidaka kisahani kama anayepokea barua. Sisi sasa tukifunga, tumeshinda. Na mtu wetu wa kumi ni nani? Casimir Dubyk. Alimuuliza kocha mara mbili kama hakukosea jina.

Casimir akaanza kwenda. Akaenda upande. Mguu wa kushoto unakata barafu kama kisu, wa kulia unakwenda kutembelea jamaa zake. Nikajua palepale. Kiatu kimoja! Nilinoa kiatu kimoja! Nikajifunika uso kwa taulo, nikaacha tundu la jicho moja.

Kipa wa Madume alimwona friji anakuja kwa ubavu, akapiga hatua moja pembeni, na mimi simlaumu, ana mama yake. Casimir akaanguka kwa tumbo. Kisahani kikachomoka chini yake polepole, kwa aibu, kama mtu anayechelewa kuingia kanisani, kikavuka mstari.

Taa nyekundu. Moja bila! Tumeshinda Korchin!

Nikamkumbatia kila aliyekuwa karibu, pamoja na refa. Orest alikaa juu ya gunia lake akashika kichwa.

Friesen alinisubiri kwenye ngazi ya basi. "Wendell Arthur Pidskalny." Yote. Akasema aliniambia moja tu, na hii ilikuwa moja. Nikaanza kutoa ufunguo wa mashine mfukoni, kamba ya kijani inaning'inia. Ndipo Joss akatoa kichwa dirishani, akatumia maneno ya wiki nzima. Akasema kwao babu akiharibu hafukuzwi, anapewa kazi. Tate, ambaye goli lake nililiua, akasema nyuma yake, "Mpe kazi, kocha. Ila ngumu."

Friesen akafikiri. Akasema nibaki Korchin, nipange midoli yote na Orest, kesho niipeleke hospitalini mmoja mmoja, halafu ataona. Basi likaondoka. Na chupa yangu ya chai.

Jumapili, 10 Desemba

Midoli elfu mbili mia moja na arobaini na mitatu. Najua kwa sababu Orest alihesabu kwa sauti, aniumize. Mke wake alitupa pirogi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani, nikala kumi na saba, Orest akasema sasa vazi la dume lingenibana kweli. Nikamkumbusha atakayebanwa ni nani. Gwaride la Wadlow ni Jumamosi. Nimemwahidi nitamshika mkono kwenye barafu asianguke. Naye ni rafiki yangu, hata kama alisoma mpaka la kumi.

Hospitalini tulizunguka vitanda vyote. Nilifikiri kiboko atarudi nami nyumbani. Binti mdogo mmoja akapita dubu wote wazuri, akamvuta yeye mguu. Akataka kujua jicho la pili liko wapi. Nikamwambia alilipoteza akidaka penalti. Akauliza, "Aliidaka?" Nikamwambia aliidaka. Akamweka chini ya blanketi, akaniambia naweza kwenda.

Jioni simu ya Orest ikalia. Friesen. Alisema maneno machache: nifike kazini Jumatano, mikono mifukoni. Hakunitaja jina, ila alicheka kidogo, nilisikia. Mashine ni yangu! Benchi ni langu!

Nimefikiri sana juu ya mambo haya yote, kama mtu mzima. Friesen anataka nijifunze, nami nimejifunza. Tate ana viatu vilivyonolewa vyote viwili, alipiga mwamba. Wengine wanane, viatu safi, wakakosa. Aliyefunga ni nani? Casimir. Miaka miwili bila goli, nikamnolea kimoja, akafunga. Kipa hakujua anakwenda wapi kwa sababu Casimir mwenyewe hakujua. Sayansi iko wazi kabisa, na hakuna shule iliyonifundisha.

Jumatano nanoa viatu. Vya kushoto tu. Timu nzima.

Kocha simwambii. Nataka ashangae mwenyewe.