Kioo cha Helikopta ya Mzee Mayunga

Jumatatu, 10 Juni 2024
Hatimaye kazi ya maana! Mzee Mayunga, yule mfugaji wa Lupiro aliyeokolewa na helikopta wakati wa mafuriko, anataka helikopta ndogo ya bati ya kuweka sebuleni. Ndani iwe na picha yake ya pasipoti, aonekane kupitia kioo. Tumeagizwa wawili, mimi na Wendelin. Atakayempendeza mzee atakaribishwa maziwa Jumapili. Na maziwa huandaliwa na Nyamizi, binti yake. Nyamizi! Wendelin atanishinda nini, fundi anayekaa na redio moja wiki mbili?

Jumanne, 11 Juni
Bati tayari. Kioo nimekikata kwenye chupa ya plastiki ya maji. Kinang'aa! Nikapita kwa Wendelin, kumsalimia tu. Kabandika chake kwa gundi ya mbao, kakifunga na mpira, eti anasubiri kesho kikauke. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Akanionya kwamba mvuke wa supa gluu hutia plastiki ukungu. Wivu huo! Nimerudi kwangu Lipangalala, nikabandika changu mara moja kwa supa gluu, nikafunika na sufuria vumbi lisiingie.

Jumatano, 12 Juni
Hujuma! Nimefunua sufuria, kioo cheupe kama kimemwagiwa unga. Mzee haonekani, labda kofia. Nimekisugua kwa dawa ya meno. Wapi! Ukungu uko ndani, na sasa nje kuna mikwaruzo. Si neno. Nitasema ni mawingu.

Ijumaa, 14 Juni
Lupiro. Shikamoo yangu ilipokelewa vizuri. Kisha mzee akachungulia kiooni, akauliza yeye yuko wapi. Nikamweleza habari ya mawingu. Akasema siku ile jua liliwaka, na huyu aliyemo humu ni marehemu. Akaniuliza kama namwombea kifo! Nyamizi akakimbilia nje kucheka. Iliniuma sana. Katika helikopta ya Wendelin unaona mpaka sharubu.

Jumamosi, 15 Juni
Nimekutana na mzee sokoni. Shikamoo. Akaniangalia kama anaangalia nguzo ya umeme, akapita.

Jumapili, 16 Juni
Wendelin yuko Lupiro anakunywa maziwa. Asubuhi alinipitia, akaniachia gundi yake ya mbao nijaribu. Huruma za mshindi, sizitaki! Nimempa jirani abandikie stuli. Tatizo nimeshaligundua mwenyewe: supa gluu niliweka kidogo. Helikopta mpya imekula tyubu mbili, na nimeazima sufuria kubwa ya harusi ya kuifunikia. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umo ndani ya sufuria, umeshikana na kioo.