Vidonge Vyangu Ndani ya Kopo la Peremende

Jumatatu, 3 Agosti

Naapa kuandika yote, hata ya aibu. Dada, wewe ndiye uliyenipa shajara hii, na ni wewe tu utakayeisoma. Usicheke.

Kesho kwaya ya shule inakwenda mashindano ng'ambo. Ubeti wa kuimba peke yangu ni wangu! Tatizo ni Filimbi, mwanakwaya mwenzangu. Sauti yake inaifuata yangu kwa uzuri, na tumepangwa chumba kimoja. Akijua nameza vidonge vya kifafa asubuhi na jioni, atamnong'oneza Mwalimu kwamba nitaanguka jukwaani. Kisha ubeti ataimba nani? Yeye!

Mama kasema dawa zikae kwenye maboksi yake, ndani ya mkoba wa mkononi, pamoja na barua ya daktari. Nimeitikia, "Ndiyo, Mama." Halafu nikavimwaga vidonge vyote kwenye kopo la peremende. Maboksi na barua viko chini ya godoro langu. Akili hizi sijui nimezirithi kwa nani.

Jumanne, 4 Agosti

Nina hasira mpaka masikio yanawaka! Afisa wa forodha alifungua kopo, akauliza ni nini. Nikasema peremende. Akaomba moja. Mtu mzima, ana vyeo mabegani, anaomba peremende ya mtoto! Nikakataa. Akaomba tena, safari hii bila kutabasamu. Ikabidi niseme ukweli. Akataka boksi lenye jina langu, au barua. Sina. Kopo limebaki kwake.

Filimbi alikwisha kupita zamani, mkoba wazi, anatabasamu kama bibi harusi.

Jumatano, 5 Agosti

Mfamasia wa hapa hana huruma. Nilimtajia jina la dawa, lile la herufi kubwa kwenye boksi. Akasema huku haiitwi hivyo. Nimpe jina la dawa yenyewe, lile linaloandikwa chini kwa herufi ndogo. Nani husoma herufi ndogo? Nikamweleza: vyeupe, vya duara, vichungu. Akanionyesha rafu zake. Nusu ya duka ni vyeupe, vya duara, vichungu! Tena hata nikilijua jina, hauzi bila cheti cha daktari.

Mwalimu, aliyesikia yote pale forodhani, kakata shauri: bila dawa, sipandi jukwaani. Nimemsihi asimpigie Mama. Filimbi yuko bafuni sasa hivi, anaimba ubeti wangu!

Mkono wa kushoto umeanza kurukaruka. Nimeukalia. Naogopa, Dada.

Alhamisi, 6 Agosti

Filimbi aliuona mkono, akakimbia kumwambia Mwalimu. Msaliti! Mwalimu akampigia Mama simu. Nikakiri maboksi yalipo, Mama akainua godoro. Maneno yake siyaandiki; hoteli nzima iliyasikia. Akatuma picha za maboksi na barua. Daktari wa hapa akazisoma, akanipima, akaandika cheti. Mfamasia akatoa boksi lenye jina geni. Kumbe dawa ni ile ile! Nimemeza mbele ya Mwalimu, kisha nikaamriwa nifungue kinywa aone.

Baadaye Filimbi akaniuliza, siri yenyewe ndiyo hiyo tu? Akatoa kipulizo chake cha pumu, ndani ya boksi lake, na barua yake. "Wewe mwenzangu, ulidhani pale forodhani nawaonyesha manukato?"

Ndiyo! Nilidhani manukato! Hata kwa ugonjwa ananishinda adabu. Nimelala nimempa kisogo.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimeimba! Daktari karuhusu. Lakini Mwalimu kaukata ubeti vipande viwili, akamsimamisha Filimbi ubavuni mwangu, eti anidake. Tumekuwa wa tatu. Kipande changu ndicho kilichopigiwa makofi zaidi, Filimbi anabisha.

Kesho tunarudi. Mwalimu kasema vidonge visitoke kwenye boksi lake. Nimeitikia, "Ndiyo, Mwalimu." Ila kwenye ndege nitakaa na msichana wa shule iliyoshinda, mwenye mdomo mrefu kuliko wa Filimbi, na boksi hili lina maandishi mekundu yanayosomeka toka mbali.

Kosa langu nimelitafakari kwa makini. Ni peremende. Kila mtu anazipenda! Sasa nimepata chupa tupu ya dawa ya minyoo. Nimeiosha vizuri. Nani ataomba moja?

Ukurasa huu naupiga picha nikutumie. Dada, nijibu papo hapo kabla hatujapanda ndege: maafisa wa forodha wa kwetu wana minyoo?