Akodi Mpya za Ruphin

Johannesburg nzima, kuanzia Berea mpaka Marshalltown, ilikuwa na mpiga gitaa mmoja tu. Wengine wote walikuwa wanakuna nyuzi. Sisemi mimi, alisema Ruphin mwenyewe!

Siku za kazi Ruphin alikuwa mlinzi wa duka la mablanketi. Jumapili alipiga gitaa kanisani kwetu, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake iligoma kabla hata sisi wakimbizi hatujavuka mpaka kuingia nchi hii. Mimi Égide nakaa kwenye mitambo, napandisha na kushusha sauti. Siimbi, sipigi chombo. Lakini masikio ninayo, na ndiyo yaliyoniponza.

Mwaka 2017 jamaa aliona video kwenye simu. Mtu mwenye ndevu anafundisha skeli ngeni, noti zimebanana na hakuna inayopatana na jirani yake. Mwenye akili timamu angeipita. Ruphin alikaa nayo miezi miwili, anaunda akodi zake: noti nne kwa mpigo, zote zinatukanana! Ukizisikia unadhani kabati la vyombo limeangushwa ngazini.

"Huu ni muziki wa mbele, mon frère, ndugu yangu," aliniambia. "Masikio yenu bado yako kambini, yanapanga foleni ya unga."

Kambi ya wakimbizi nimekaa miaka sita, na foleni hiyo naijua kuliko yeye anavyolijua gitaa.

Basi dada yangu Godelieve akapata mchumba, Octave, kijana mpole. Shida ilikuwa shangazi yake, Mama Jeanne wa Pretoria, aliyemlea. Yule mama alikuwa hamtaki Mrundi kama sisi nyumbani kwake, anatafuta sababu tu. Ijumaa tukafanya mazoezi ya bibi harusi kuingia. Godelieve alipiga hatua ya kwanza, gitaa likalia *grraangh*, mguu ukabaki hewani.

"Ruphin, kaka yangu, nakuomba," alisema. "Piga zile za zamani."

"Za zamani kapigiwe na redio."

Nikakimbilia kwa mchungaji. Mchungaji akatazama dari. Ruphin ni shemeji yake!

Dada alilia kwenye ngazi zote, ghorofa tatu. "Égide, nikiingia na kelele zile, yule mama atasema nimekuja na mikosi. Ataondoka na Octave wake."

Nilimwambia alale, asijali. Eish, mimi mwenyewe sikulala.

Jumamosi ukumbi ukajaa. Mama Jeanne alikaa mbele, kitenge kimesimama mabegani, uso umekunjwa tayari kwa kazi. Mlango ukafunguliwa. Ruphin akafumba macho kama kawaida yake, akainua mkono. Na mimi nikashusha kitufe cha sauti ya gitaa mpaka chini kabisa.

Jamani, ilikuwa tamu! Kinanda kilitiririka, ngoma ikashika, kwaya ikapanda. Godelieve aliingia akinesanesa, na Mama Jeanne, mbele ya macho yangu, akainuka akapiga vigelegele! Ruphin alikuwa anatoka jasho, vidole vinatambaa kwenye nyuzi kama kaa, hajui lolote.

Kwenye chakula alinifuata mitamboni kifua mbele. "Umeona? Mpaka Pretoria wameelewa!"

"Sharp, sawa kabisa," nikajibu. Ningeishia hapo kama Mama Jeanne asingesimama na kushika kipaza sauti.

"Huyu baba wa gitaa amenigusa moyo! Apige tena ile ya kuingia. Peke yake, tumsikie vizuri!"

Ruphin akapanda jukwaani kama anaapishwa urais. "Égide! Ongeza sauti!"

Nifanye nini? Ukumbi mzima unanitazama. Nikaongeza.

*GRRAANGH!*

Watoto walilia. Bwana mmoja akaingia chini ya meza na sahani yake ya wali. Mama Jeanne akaziba masikio. "Yesu wangu! Hapana, baba, piga ile ya kwanza!"

"Ndiyo hii, mama! Ile ile!"

"Siyo! Ya kwanza ilikuwa nzuri!"

Godelieve alinitazama, macho yanakaribia kumwagika. Nikashusha kitufe taratibu mpaka chini. Ruphin akakusanya vidole, akafumba macho, akashusha mkono kwa nguvu zake zote.

*Tik.*

Akafumbua macho. Akapiga tena. *Tik, tik.* Ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia mtu anatafuna.

"Eeeh!" Mama Jeanne alipiga makofi, uso umefunguka. "Hiyo hiyo, baba! Usibadilishe kitu!"