Madini ya Bata wa Bi Mwanapili

Ngwali wa Mkoani hakuwa akijua bata, lakini alikuwa akijua watu, na kwa kazi yake hilo lilimtosha. Kila mja na riziki yake. Ya Ngwali ilikuwa mdomoni.

Alikwenda Micheweni kula walima wa harusi, akapita uani kwa Bi Mwanapili, mjane mfuga bata bukini. Akamkuta ameinamia kiota, ameshika yai lenye ganda jororo kama ngozi.

"Msimu wa pili huu, mwanangu," akalalamika bibi. "Mayai yanapasuka bata angali ameyalalia. Sijapata hata kifaranga kimoja."

Ngwali akalipokea yai, akaliinua juani, akatikisa kichwa kama tabibu aliyeona mengi.

"Upungufu wa madini, Bi Mwanapili. Bata wako wanataka kalsiamu. Bahati yako mie ndiye wakala."

Uwakala ulianza saa ileile. Alishuka pwani, akaokota maganda ya chaza, akayatwanga kwa kinu cha kuazima, akautia unga wake katika mfuko na kuubandika karatasi iliyoandikwa MADINI HALISI. Siku ya pili akarudi uso umekunjuka. Pesa hakutaka. Alitaka bata wawili, jike na dume, azalishe awauzie wenye hoteli.

Bi Mwanapili akatia kidole katika unga, akausugua taratibu. Kisha akamletea bata wawili wanene.

"Chukua hawa. Hawa hawaachani."

Ngwali akarudi Mkoani akicheka peke yake garini. Akawajengea banda, akangoja yai. Mwezi ukapita. Bata wakala, wakapiga kelele, wakamng'ata jirani, yai hakuna. Mwisho mwenyewe akaanza kuwachanganyia chakula na unga wake, huku akichungulia asije mtu akamwona. Mwezi wa pili akawatia katika tenga, akarudi nao Micheweni.

Uani kwa Bi Mwanapili vifaranga walikuwa wamejaa, na bibi alikuwa anatwanga maganda ya chaza.

Ngwali akatua tenga. "Kumbe ulijua?"

"Siku ileile. Kipande cha chaza kilinichoma kidole. Lakini nikasema nijaribu, na wallahi dawa yako ni kweli. Umenifaa, mwanangu."

"Na bata wangu mbona hawatagi?"

"Madume watage vipi?"

"Bi Mwanapili, mie nilitaka jike na dume."

"Ulitaka. Mie nilikwambia hawaachani. Wameachana?"

Ngwali akalisogeza tenga mbele ya bibi. Akaomba abadilishiwe mmoja. Bibi akamsukumia mchi.

"Magunia mawili. Na safari hii uchekeche vizuri."

Alitwanga siku tatu, viganja vikavimba malengelenge, majirani wakija kumtazama wakala wa madini akiwa kazini. Siku ya tatu alasiri, Bi Mwanapili akamkabidhi bata mwengine.

Ngwali akamgeuza huku na huku, akamtazama mbele na nyuma.

"Bibi, huyu kweli jike?"

"Wewe si ndiye mtaalamu?" akasema Bi Mwanapili, akaingia ndani kuteka maji ya kutawadha.