Siku Kitufe cha Endelea Kilipopandishwa

Sogeeni, enyi mlio mbali, na ninyi mlio karibu msogee zaidi; nyamazisheni redio, walazeni wachanga mapajani, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari hii haikatizwi. Ni habari ya mashujaa. Hawakuvuka mto kwa panga wala hawakubomoa ngome: waliinua kitufe. Kitufe kimoja, kwenye kioo cha simu, wakakipandisha kimo cha kidole gumba. Msicheke. Wapo wafalme waliofanya madogo kuliko hayo, na sanamu wakajengewa.

Kwanza niwategee. Hapiki, hachochei moto, hateki maji, lakini chakula kikiungua huitwa yeye. Ni nani? Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Haya, mji nimeuchukua: ni msimamizi wa programu za simu, na huyo ndiye shujaa wetu. Ofisini walimwita Mama Kwa Nini, binti wa fundi saa, mwenye macho yasiyoridhika, mfukuza vitufe visivyo na kazi, ambaye hakuandika msimbo wala hakuchora kurasa, bali alisimama kati ya wanaotengeneza na wanaotumia, akiuliza kwa nini mpaka watu watamani kuhama.

Na programu yenyewe ilikuwa ya zahanati. Mgonjwa akitaka kumwona daktari, badala ya kudamka na kukalia benchi la baridi nje ya geti hadi miguu ife ganzi, aombe zamu kwa simu akiwa kitandani kwake. Jambo jema, si ndiyo? Lakini asubuhi ile, chai haijapoa, ukaja ujumbe wa Muuguzi Mkuu, mwanamke asiyejua kubembeleza: "Watu wanaanza vizuri, wakifika ukurasa wa pili wanaacha. Msiporekebisha leo, kesho narudisha benchi."

Maneno hayo yalimchoma Mama Kwa Nini kuliko wote. Kwenye benchi lile alikuwa ameketi, miaka nenda miaka rudi, mama mkwe wake, fundi cherehani mstaafu, mwenye magoti yanayolia kama bawaba zilizokosa mafuta. Na mkamwana huyu, kwa kinywa chake mwenyewe, alikuwa amemwahidi: "Mama, benchi lile hutalikalia tena."

Ndipo baraza likaketi katika chumba cha mikutano, penye meza ndefu, ubao mweupe usiofutika vizuri, na kiyoyozi kinachodondosha maji ndani ya ndoo.

Akasimama Jemadari wa Msimbo, yeye aandikaye maneno yanayoiamuru simu itende, vipokea sauti vikiwa shingoni kama deraya, akanguruma: "Enyi wenzangu! Njia hiyo nimeipita asubuhi, nimeipita jioni, wala sikujikwaa! Kwangu mimi inafanya kazi! Tatizo ni watumiaji. Hawasomi!"

Akainuka Mchoraji, mpambaji wa kurasa, apendaye nafasi tupu kuliko sisi tupendavyo viti. "Ikiwa hawasomi," akanena, mkono ukiwa kifuani, "basi tuwaongezee ukurasa wa maelekezo. Wenye mishale."

"Mishale inayometameta," Jemadari akaunga mkono.

"Na sauti."

"Kwa nini wanaishia ukurasa wa pili?" akauliza Mama Kwa Nini.

"Ndiyo maana tunaweka mishale, dada."

"Lakini kwa nini?"

"Labda wana haraka."

"Nani kati yetu amewaona?"

Maji yakadondoka ndooni, to, to, kama ngoma ya vita iliyoishiwa wapigaji. Hapo ndipo shujaa akanyanyuka, akaweka kikombe mezani kama mtu aulazaye upanga, akanena: "Wapendwa, hatujui. Tunampaka mgonjwa dawa bila kumuuliza panapouma. Basi naapa mbele yenu, na mbele ya ndoo hii: namleta mama mkwe wangu hapa, aitumie hii programu yetu, nasi tumtazame."

Mchoraji akashika mdomo. "Mama mkwe? Hapa kazini? Dada, huogopi?"

"Naogopa sana," akajibu. "Lakini naliogopa benchi zaidi."

Akaja mama mkwe, miwani ikining'inia kwenye uzi, mkoba mkubwa kwapani. Wote wakasimama kama darasa lililoingiliwa na mkaguzi. "Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu. Mbona mmekonda hivi? Mkamwana, hawa unawalisha?" Akaketi, magoti yakatoa taarifa, akachomoa simu yake ndogo yenye ufa kwenye kona. "Haya, nifanye nini?"

"Omba zamu ya daktari, mama. Sisi tupo tupo tu."

Sheria ya vita ilikuwa moja, na shujaa mwenyewe ndiye aliyeitunga: hakuna kusema, hakuna kunyoosha kidole, hakuna hata kukohoa kwa maana. Atakaye kujua kama mlango wake unafunguka, asimfungulie mgeni.

Ukurasa wa kwanza mama mkwe akaupita kama mtu anayevuka ukumbi wake. Ukurasa wa pili ukataka jina. Akagusa mahali pa kuandikia, na lahaula! herufi zikapanda kutoka chini ya kioo, safu juu ya safu, kama jeshi lililojificha bondeni. Na kitufe cha Endelea, maskini, kilichokuwa kimejikalia chini kabisa ya ukurasa, kikamezwa kizima kizima. Mama mkwe hakukiona kikienda. Aliandika jina lake pole pole, akalihakiki, akainua uso.

"Haya, nimemaliza. Sasa?"

Wote wakazidi kumtazama.

"Nauliza, sasa? Mbona mnanikodolea macho kama nimekufa? Na wewe mkamwana, jino linakuuma?"

Enyi wasikilizaji, mmesikia habari za walioshika simba kwa masharubu. Hao walikuwa na kazi nyepesi. Huyu alikuwa mke wa mtu, aliyezoea kumwitikia mama mkwe kabla hata hajaitwa, na sasa ameketi hatua moja kutoka kwake, anaulizwa, na anabana kinywa kwa viganja vyote viwili. Ulimi uligonga meno, ukaomba, ukatishia. Alijua kwamba kwa neno moja tu, "bonyeza pembeni mama, herufi zishuke," kila kitu kingenyooka humu chumbani, na huko nje mji mzima ungebaki umekwama. Akaumeza ulimi. Jasho likamtoka chini ya kiyoyozi.

Mama mkwe akasubiri. Akaitikisa simu. Akaipuliza. Kisha akaifunga taratibu, akaitia mkobani, na ile sauti iliyoingia na vishindo ikashuka.

"Simu haina kosa. Ni mimi, nimezeeka. Acheni tu wanangu, kesho nitadamka, nikakae benchini."

Mama Kwa Nini akaruka, akapiga goti kando ya kiti chake. "Hapana, mama! Wewe umefanya yote sawasawa. Mlango tumeufunika sisi."

Jemadari akaiomba ile simu kwa mikono miwili. Akaandika jina lake, akatazama herufi zikipanda, akatazama kitufe kikizama, na rangi ya uso ikamgeuka. Tangu siku ya kwanza waliijaribu programu kwenye kompyuta zao kubwa, ambako herufi hulala mezani chini ya vidole na hazimfuniki mtu. Walikuwa wamejenga nyumba wakiisifu kupitia dirishani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia kwa mlango.

"Nitabomoa yote!" akalia Jemadari, akijipiga kifua. "Nitajenga upya tangu msingi! Nipeni mwezi mmoja!"

"Benchi linarudi kesho, kaka."

"Nikiweka mshale mmoja tu..." akaanza Mchoraji, kisha akakutana na macho ya shujaa.

"Hatuongezi kitu," akanena Mama Kwa Nini. "Herufi zikipanda, kitufe nacho kipande, kikae juu yake. Basi."

"Hapo juu pana picha yangu!"

Na kweli palikuwa na picha: daktari anayetabasamu, kifaa cha kupimia mapigo shingoni, akiwa amejaza nusu ya ukurasa. Mchoraji akaikinga kompyuta kwa mwili wake kama mlinzi wa lango. "Nimemtilia vishimo mashavuni! Ukurasa bila yeye ni uso bila nyusi!"

"Ni mzuri," akasema shujaa, naye hakudanganya. "Kwa nini umemweka hapo?"

"Ili mgonjwa ajisikie vizuri."

"Na mama hapa amejisikiaje?"

Mchoraji akamtazama mama mkwe, aliyekuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Akainamisha kichwa, akanena kwa sauti ya mtu atoaye dhabihu: "Mwondoeni."

"Lakini asitupwe," mama mkwe akadakia. "Mtoto mzuri hivyo! Mtafutieni pa kukaa."

Wakamhamishia ukurasa wa mwisho, amlaki mgonjwa aliyekwisha kupata zamu. Naye Jemadari akavaa vipokea sauti, akanyoosha vidole hadi vikalia, akaishukia kibodi. Akafuta, akaandika, akatukana kwa adabu kwa kuwa kulikuwa na mtu mzima chumbani, akafuta tena. Mara akainua mikono juu. "Jaribu sasa, mama."

Mama mkwe akagusa. Herufi zikapanda, na juu ya mabega yao, kama mtoto aliyebebwa mgongoni kuvuka maji, kikapanda kitufe cha Endelea. Aliandika jina, akabonyeza bila kufikiri, akabonyeza tena, na tena, na daktari mwenye vishimo akatokea akitabasamu: zamu yako imepokelewa.

"Imekubali!" Akageuza simu huku na huku. "Kwani mmebadilisha nini? Mbona sioni kitu?"

Jemadari akageukia dirisha ili asionekane macho. Mchoraji akampa mkono. Mama Kwa Nini aliketi chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, maana hakuna sifa kubwa kuliko hiyo katika kazi yao, ambayo ikiharibika kila mtu huiona na ikinyooka haionwi na mtu.

Jua halijashuka, ukaja ujumbe wa Muuguzi Mkuu: "Wanafika mwisho. Benchi nimewapa walinzi."

Na huko kwenye ujia, akishika ukuta kwa ajili ya magoti, mama mkwe alikuwa akizungumza na rafiki yake kwa simu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Weee shoga, ni rahisi tu! Unaandika jina, unabonyeza, basi... Nani? Hakuna aliyenisaidia! Walikuwa wananikodolea macho tu."

Basi na iandikwe, na wajukuu wasome kwa sauti: siku ile kitufe kilipanda kimo cha kidole gumba, na magoti ya mji mzima yakapumzika.