Namba ya Siri Kichwani mwa Karani

Jumatatu, 6 Mei
Nimeibiwa! Madamu Kioo, msusi wa mlango wa pili, leo kamsuka mteja mtindo wangu wa kamba pacha, mkunjo kwa mkunjo. Picha yake imo simuni mwangu tu. Ameipekua nikiwa chooni, hilo halina mjadala. Nimebadilisha namba ya siri. Kuikariri siwezi: mume wangu anasema nikilala nataja tarakimu. Basi nimehesabu misuko ya karani wa posta niliyemsuka jioni, nikaitia simuni, kisha nikajisomea bei za rasta mpaka namba ikanitoka akilini. Nikiihitaji, namwita karani, nahesabu upya. Akili hizi sikufundishwa na mtu!

Jumatano, 8 Mei
Simu imezima, imewaka, kidole changu haikitaki. Inadai namba. Nikamwita karani. Kaja na kipara! Joto, anasema. Nikamuuliza alikuwa na misuko mingapi. Akajibu, dada, nani huhesabu? Mimi! Nimebahatisha hadi simu ikajifunga kabisa. Na Jumamosi nina bibi harusi. Mtindo wake tuliujaribu kwenye kichwa cha plastiki, nikaupiga picha, nikaufumua. Mama yake kaapa nikibabaika tu wanahamia kwa Kioo.

Alhamisi, 9 Mei
Nimelia. Mume wangu, dereva wa lori la maji, akauliza kwa upole kwa nini nisiangalie simuni mwake. Kwake? Kumbe tuliponunua simu alifungua akaunti moja ya hifadhi ya mtandaoni, na kila picha yangu inamfuata! Nikamwita jasusi. Akasema, mama watoto, foleni ya kujaza maji ni ndefu, naangalia kazi zako, nawaonyesha na wenzangu mikono ya mke wangu. Wakiomba, nawatumia. Mwenzake mmoja ni kaka yake Kioo. Sikujua nimpigie kelele au nimwongezee chakula. Nilimwongezea. Picha za bibi harusi zilikuwepo, pande zote nne.

Jumapili, 12 Mei
Bibi harusi jana kang'ara! Fundi simu ameifuta simu yangu, akazirudisha picha kutoka mtandaoni. Kanishauri nitenganishe akaunti. Nimekataa. Mzee wangu ataangalia nini kwenye foleni? Ulinzi ni namba, na safari hii nimechagua kitu kisichonyoa: vigae vya sakafu ya saluni. Nimevihesabu, nimevitia, nimevisahau. Mwenye nyumba kapita na fundi ujenzi, wakaipima sakafu yote kwa futi kamba. Kasema wiki hii ananiletea zawadi. Mtu mwema sana yule.